Uzi: Kurudi mazoezini kwa mtu anayeishi na upungufu wa kudumu wa vitamini B12

MLETA MADA

Ndugu zangu, habari za leo.

Wiki iliyopita dada mmoja aliuliza humu kama mtu anayechomwa sindano za vitamini B12 anaweza kuanza tena kukimbia, na wengi walimjibu kwamba akishajisikia ana nguvu aanze tu, kwa kuwa mwili wenyewe utamwambia. Nimelifikiria jibu hilo kwa siku kadhaa, kwa sababu ndilo nililojipa mimi mwenyewe, na kwa kulifuata nilianguka barabarani alfajiri nikavunjika kifundo cha mkono. Katika ugonjwa huu mwili hausemi kwa sauti moja. Damu hupona mapema na kukupa furaha, ilhali mishipa ya fahamu inakuwa bado nyuma kwa miezi mingi, nayo haiwezi kukuonya kwa kuwa yenyewe ndiyo inayopaswa kupeleka habari. Naomba mnivumilie niandike kwa urefu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, na umri wangu ni miaka 46. Kabla ya kuugua nilikuwa nimekimbia mara mbili kilomita 21 katika Kilimanjaro Marathon, kwa hiyo barabara ya kupanda kuelekea Mweka ninaijua kwa miguu yangu, na kukimbia kulikuwa sehemu ya maisha yangu kama chai ya asubuhi. Nilipoanza kuchoka sikufikiria ugonjwa. Kwanza pumzi ilianza kunikatika nikipanda ngazi za jengo la madarasa, kisha ulimi ukawa mwekundu, laini na wenye kuwaka kila nilipokula kitu chenye pilipili au ndimu, halafu vidole vya miguu vikaanza kunichoma kana kwamba nimekanyaga majani ya upupu. Nilitibiwa malaria mara tatu, na katika mara hizo tatu ni moja tu ambayo kipimo kilionyesha vimelea. Nikatibiwa homa ya matumbo. Nikaambiwa kwamba ni umri na mabadiliko ya wanawake wanaokaribia kukoma hedhi. Ndugu zangu wa nyumbani walikuwa na maelezo yao mengine, ambayo sitayaandika hapa kwa heshima yao.

Miaka miwili ilipita hivyo. Hatimaye kilichofichua ugonjwa kilikuwa kipimo cha picha kamili ya damu, ambacho hapo awali kilikuwa kimesomwa kwa haraka. Himoglobini yangu ilikuwa gramu 7.1 kwa desilita, wakati mwanamke asiye mjamzito anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya 12. Jambo lililomshtua daktari zaidi lilikuwa ukubwa wa chembe nyekundu zenyewe: wastani wake ulikuwa femtolita 118, na kwa kawaida hautakiwi kuzidi 100. Upungufu wa madini ya chuma, ambao ndio tuliouzoea zaidi, hufanya chembe hizo ziwe ndogo na zilizopauka. Chembe kubwa kupita kiasi humwelekeza daktari kwingine, na miongoni mwa mambo anayopaswa kuyafikiria mapema ni vitamini B12 na folati, ile vitamini ambayo kidonge chake huitwa asidi ya foliki. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba B12 yangu ilikuwa chini sana, na kwamba kinga ya mwili wangu ilikuwa inashambulia tumbo langu lenyewe.

Naomba nieleze hapo kidogo, kwa kuwa watu wengi huniuliza kwa nini nisile tu nyama. Tumbo lenye afya hutengeneza protini maalumu inayoishika B12 na kuisindikiza hadi sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ambako ndiko inakonyonywa. Kinga ya mwili ikiziharibu seli zinazotengeneza protini hiyo, unaweza kula maini, dagaa, mayai na maziwa kila siku na bado ukabaki na upungufu, kwa sababu kinachokosekana ni msindikizaji. Tatizo hujificha kwa muda mrefu kwa kuwa ini lina akiba ya miligramu 2 hadi 5, na mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 tu kwa siku, hivyo miaka kadhaa inaweza kupita kati ya tumbo kuacha kazi na dalili kujitokeza. Ndiyo maana nimeuita upungufu wa kudumu: tumbo langu halitarudi, na sindano nitachomwa maisha yangu yote.

Mama mkwe wangu, aliyenilea katika siku zile kwa mtori na maini ya ng'ombe, hakuwa amekosea kabisa. Mwaka 1926 madaktari wawili wa Boston, George Minot na William Murphy, walitangaza kwamba wagonjwa wa aina yangu, ambao mpaka wakati huo walikuwa wakifa, walipona damu kwa kulishwa maini mengi kila siku, na mwaka 1934 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. Maini yale yalisaidia kwa wingi wake, kwa kuwa sehemu ndogo sana ya B12, takriban asilimia 1, hupenya ukuta wa utumbo hata bila msindikizaji. Vitamini yenyewe ilitenganishwa mwaka 1948, na tangu hapo mgonjwa hahitaji tena kulazimishwa sahani ya maini kila siku. Hata hivyo nilimshukuru mama kwa kila bakuli.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Nilianza sindano za haidroksokobalamini, ambayo ni B12 ya kuchoma, miligramu 1 mara tatu kwa wiki kwa wiki mbili, kisha nikaambiwa nirudi baada ya miezi mitatu. Katika kituo kile hakuna aliyenivua viatu. Nilisema kwamba miguu inawaka, ikaandikwa, na tukaendelea na mambo ya damu. Siku ya tano tangu sindano ya kwanza niliamka nikiwa na hamu ya kula. Wiki ya tatu nilipanda ngazi bila kusimama. Wiki ya sita himoglobini ilikuwa 11.4, nami nilijiona kama mtu aliyefunguliwa kutoka kifungoni. Mtu ambaye hajawahi kuishi na damu ya 7 kwa miezi mingi hawezi kujua jinsi 11 inavyokuwa tamu. Nilitoa raba zangu chini ya kitanda, nikatoka saa kumi na moja alfajiri, kukiwa bado giza, kama nilivyokuwa nikifanya zamani.

Kulikuwa na dalili tatu ambazo nilizidharau. Kila nilipoinamisha kichwa kufunga kamba za raba, kitu kama umeme kilipita kutoka shingoni hadi mgongoni. Nilipokuwa nikinawa uso huku nimefumba macho, nilikuwa nikilazimika kushika karai. Na umeme ulipokatika usiku, nilikuwa nikitembea kwa kupapasa ukuta katika nyumba ambayo nimeishi miaka kumi na minne. Sikuziunganisha dalili hizo.

Nilikimbia kama kilomita mbili na nusu. Pumzi ilikuwa nzuri, moyo ulikuwa mtulivu, na mahali lami inapokutana na changarawe mguu wangu wa kushoto ulitua upande upande bila mimi kujua kwamba umetua hivyo. Nilianguka kwa mkono wa kulia. Nilipofika nyumbani nikavua kiatu, nilikuta kokoto ndani yake na kidonda chini ya kidole gumba ambacho sikuwa nimekihisi hata kidogo, na kwa kweli kidonda kile kilinitisha kuliko mkono.

Daktari aliyenifunga plasta ya mkono ndiye aliyekuwa wa kwanza kupima miguu yangu. Alichukua chuma cha kupimia mtetemo, akakigonga na kukiweka juu ya kidole gumba cha mguu, akaniuliza ninahisi nini. Nikamwuliza kama amekwisha kukiweka. Alikipandisha hadi kwenye kifundo, kisha kwenye mfupa wa muundi, na hapo ndipo nilipoanza kuhisi. Akanisimamisha miguu ikiwa pamoja na kuniambia nifumbe macho, nikayumba mara moja akanidaka.

Maelezo aliyonipa ndiyo msingi wa uzi huu. B12 inahitajika katika kazi mbili tofauti: kutengeneza chembe za damu katika uboho ulio ndani ya mifupa, na kutunza utando wa mafuta unaoizunguka mishipa ya fahamu kama mpira unavyozunguka waya wa umeme. Uboho ni kiwanda cha kasi. Ukipewa B12 huanza kutoa chembe mpya ndani ya siku chache, na kwa wagonjwa wengi himoglobini hurudi kwenye hali ya kawaida kwa takriban miezi miwili. Utando wa mishipa hujengwa polepole sana, kwa miezi sita, mwaka, au zaidi, na ukiwa umeharibika kwa muda mrefu sehemu nyingine haijengeki tena. Njia za uti wa mgongo zinazopeleka habari za mahali mguu ulipo huwa miongoni mwa za kwanza kuharibika. Kwa hiyo nilikuwa na mapafu na moyo wa mtu aliyekaribia kupona, juu ya miguu isiyojua iko wapi. Macho yangu ndiyo yaliyokuwa yakifanya kazi ya miguu, na mimi nikaenda kukimbia gizani.

Alibadilisha pia matibabu. Mgonjwa mwenye dalili za mishipa ya fahamu hapewi sindano kwa ratiba ile ya kawaida niliyopewa mwanzoni. Huchomwa kila baada ya siku moja mpaka nafuu ya dalili itakapokuwa haiongezeki tena, ndipo zinapoachanishwa hadi kila miezi miwili. Ningeombwa kutaja jambo moja tu la kufanya kabla ya kurudi mazoezini, ningesema hili: hakikisha kuna mtu aliyepima miguu yako kwa mkono wake, na wala si damu yako peke yake kwenye karatasi.

Nilirudi upya, na safari hii nilifuata mwendo wa miguu. Kwa wiki sita nilizokuwa na plasta sikufanya zaidi ya kutembea uani dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, kwenye ardhi tambarare, kukiwa na mwanga. Baada ya hapo nikaanza kufundisha miguu kusimama, kwa kuwa kusimama pia ni zoezi, na kwa hali yangu lilikuwa zoezi gumu kuliko kupanda Mweka. Nilisimama jikoni mbele ya meza imara, vidole vikiigusa bila kuiegemea, miguu ikiwa pamoja, kwa sekunde thelathini. Nilipoweza, nikasogeza mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Nilipoweza hilo, nikasimama kwa mguu mmoja. Kufumba macho nilianza katika mwezi wa nne wa matibabu, binti yangu akiwa amesimama nyuma yangu mikono wazi, na sikuwahi kufanya hivyo nikiwa peke yangu mpaka mwezi wa tisa. Pamoja na hayo niliketi na kuinuka kitini bila kutumia mikono, mara tano, kisha nane, kisha kumi na mbili, na kunyanyua visigino nikiwa nimeshika ukuta. Haya ni mazoezi yasiyo na sifa, na hakuna atakayekupigia makofi kwa kuyafanya, lakini ndiyo yaliyonirudisha.

Kutembea nje nilikuanza jioni, saa kumi na moja, katika barabara za Shanty Town zenye miti mikubwa na uso ulio sawa. Kipimo changu cha kasi kilikuwa salamu. Hapa kwetu huwezi kupishana na mtu mzima bila kumsalimu na kuulizana habari za nyumbani, nami nilijiwekea kwamba nikishindwa kumaliza salamu nzima bila kukata pumzi katikati, basi ninakwenda kasi kuliko damu yangu inavyoruhusu. Kipimo hiki kilinifaa kuliko saa ya kuhesabu mapigo, kwa sababu mtu mwenye damu pungufu moyo wake hupiga haraka ili kufidia uchache wa himoglobini, na namba ambayo ilikuwa ya kawaida kwako zamani haina maana ileile sasa. Kipimo cha pili kilikuwa kesho yake. Kama baada ya matembezi ya dakika ishirini niliamka nimechoka kuliko nilivyolala, nilirudi kwenye dakika kumi na tano kwa wiki nzima, bila kujilaumu.

Miguu niliitendea kama wanavyoshauriwa watu wenye kisukari. Nilikung'uta viatu kabla ya kuvivaa, nikavaa soksi nyeupe ili damu ikitoka nione, na kila jioni nikakagua nyayo kwa kioo cha mkononi. Sitembei pekupeku hata uani.

Katika mwezi wa tano nilikwama. Nilikuwa nimefika dakika thelathini, kisha ghafla nikawa siwezi kuongeza hata dakika tano. Pumzi ilirudi kuwa nzito na nywele zikaanza kung'oka. Niliogopa kwamba sindano zimeacha kufanya kazi. Kipimo cha feritini kilionyesha kwamba akiba yangu ya madini ya chuma ilikuwa imekwisha. Uboho ulipoanza kutengeneza damu kwa kasi ulikuwa umetumia chuma chote kilichokuwepo, na tumbo lisilo na asidi ya kutosha halinyonyi chuma vizuri, kwa hiyo ugonjwa uleule mmoja ulikuwa umenifungia milango miwili. Nilipewa vidonge vya chuma, nikaacha kunywa chai pamoja na chakula kwa kuwa chai huzuia chuma kunyonywa, nikawa ninakula chungwa badala yake. Baada ya wiki saba hivi nilisogea tena. Ninaliandika hili kwa sababu mtu anayerudi mazoezini na kukwama huwa anajiona mvivu, na pengine anajisukuma zaidi, wakati ambapo anachohitaji ni kipimo kingine. Daktari alipima pia tezi ya shingo, kwa kuwa maradhi ya kinga kujishambulia hupenda kufuatana, na mtu mwenye tumbo la namna yangu anaweza kuwa na tatizo la tezi pia. Yangu ilikuwa salama.

Jambo la mwisho ni mzunguko wa sindano. Nimeweka daftari tangu nilipoanguka, na ndani yake ninaona kwamba katika siku kumi za mwisho kabla ya sindano ulimi huanza kuwaka kidogo, usingizi huongezeka, na hatua zangu huwa fupi. Si kila mgonjwa anapata hali hiyo, lakini walio nayo wanaijua vizuri. Siku hizo nimeziondoa kabisa kwenye mpango wa kuongeza mwendo; ninatembea tu na kufanya mazoezi ya kusimama. Daftari hilo lilimsaidia pia daktari, kwa sababu kiwango cha B12 katika damu hakisemi mengi baada ya mtu kuanza sindano, maana sindano yenyewe hukipandisha, na hivyo dalili zilizoandikwa kwa tarehe zina uzito wake.

Mwezi wa kumi na mmoja wa matibabu nilikimbia tena kwa mara ya kwanza, dakika moja ya kukimbia na tatu za kutembea, kwenye nyasi za uwanja wa shule, saa kumi jioni, jua likiwa bado juu. Nitajibu maswali kadiri nitakavyoweza. Mimi si daktari, na mtu yeyote atakayesikia maumivu ya kifua, kuzimia, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au miguu kuishiwa nguvu ghafla, aache mazoezi na aende hospitali siku hiyohiyo.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Shikamoo mwalimu. Nimesoma yote nikiwa na mama yangu pembeni. Ana kisukari na amemeza metformini kwa miaka tisa. Miguu yake ina ganzi, na siku zote tumeambiwa ni kisukari. Kliniki walimshauri atembee kila siku, lakini ameanguka mara mbili mwezi huu na sasa anaogopa. Je, hili linaweza kumhusu?

MLETA MADA

Marahaba mwanangu, na umpe mama pole nyingi. Linaweza kumhusu kabisa. Metformini ikitumiwa kwa miaka mingi hupunguza unyonywaji wa B12 kwa baadhi ya watu, na ganzi inayotokana na upungufu huo hufanana na ganzi ya kisukari kiasi kwamba huwezi kuzitofautisha kwa kumwangalia mtu. Anaweza hata kuwa nazo zote mbili. Usimwachishe dawa, kwa kuwa sukari ikipanda utamwongezea madhara mengine. Mwende kliniki mkaombe apimwe B12 na picha kamili ya damu, na mkataje miaka tisa hiyo waziwazi. Kama anatumia pia dawa za kupunguza asidi tumboni kwa muda mrefu, mzitaje, kwa kuwa nazo huchangia. Mpaka majibu yatoke, asitembee peke yake wala gizani. Mazoezi ya kuketi na kuinuka kitini yanaweza kumfaa, ukiwa umemsimamia, na kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani. Woga wake una sababu, kwa hiyo usimwambie kwamba hauna msingi.

MCHANGIAJI WA PILI

Mwalimu, mke wangu aliambiwa ana damu pungufu, akaanza kumeza asidi ya foliki aliyobaki nayo tangu alipokuwa mjamzito, na damu imepanda. Mimi mwenyewe ninanunua vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B dukani kwa ajili ya ganzi ya mikono. Sote wawili tumeanza kukimbia asubuhi. Kuna tatizo gani?

MLETA MADA

Ndugu yangu, naomba usilichukulie hili kwa wepesi. Kama chanzo cha upungufu wa mkeo ni B12, asidi ya foliki inaweza kuipandisha damu na kuifanya karatasi ya maabara ionekane nzuri, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika chini kwa chini. Huo ni mtego uleule ulioniangusha mimi, ila kwake utakuwa mbaya zaidi, kwa kuwa mimi angalau nilikuwa nimepewa vitamini yenyewe niliyoikosa. Apimwe B12 kabla ya kuendelea, na usisubiri mpaka miguu ianze kuwaka.

Kuhusu vidonge vyako, angalia kiasi cha vitamini B6 kilichoandikwa kwenye pakiti. B6 ikimezwa kwa kiwango kikubwa kwa muda mrefu inaweza yenyewe kuharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi, na nimekutana na watu wanaoongeza vidonge kadiri ganzi inavyoongezeka. Ganzi ya mikono ina sababu nyingi, ikiwemo mshipa kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Mwone daktari, umwonyeshe pakiti.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi sina upungufu wowote, lakini kwenye timu yetu ya mtaa kuna mtu anatuchoma B12 kabla ya mechi ili tupate nguvu. Ninavyosoma hapa inaonekana kweli zinaongeza nguvu.

MLETA MADA

Zilinipa nguvu mimi kwa sababu nilikuwa nimeikosa. Mwenye akiba ya kutosha hapati damu zaidi wala kasi zaidi kwa kuongezewa, na ziada kubwa huondoka kwenye mkojo. Kinachonitia wasiwasi ni huyo anayewachoma: sindano ni zake au ni za kituo cha afya, na kila mchezaji anachomwa kwa bomba jipya? Kama huna uhakika na majibu, kataa, na uwaambie wenzako nao wakatae.

MCHANGIAJI WA NNE

Mwalimu, mimi ndiye niliyeuliza wiki iliyopita. Asante kwa kuniandikia kwa urefu huu. Nimeambiwa nina hali kama yako, nipo wiki ya nne ya sindano, na leo ndiyo mara ya kwanza ninajisikia kama binadamu. Nilikuwa nimejiandikisha kilomita 21 za mwezi Februari. Je, niache kabisa? Na wewe umerudi mpaka wapi?

MLETA MADA

Mdogo wangu, ninakufurahia kwa moyo wote kwa hiyo siku ya leo, na uifurahie. Wiki ya nne ndiyo hasa wiki ya kuwa mwangalifu. Kilomita 21 za Februari ziache. Kama waandaaji watakuruhusu kubadilisha, ingia kilomita 5 na uzitembee. Kabla ya hapo fanya mambo mawili wiki hii. Nenda kwa daktari ukamwombe akupime miguu kwa chuma cha mtetemo, na umweleze kila kitu ulichokihisi miguuni, mikononi na shingoni, hata kama unaona ni kidogo, kwa kuwa ratiba ya sindano zako inategemea majibu hayo. Kisha leo jioni, mtu akiwa amesimama karibu yako, simama jikoni miguu ikiwa pamoja na ufumbe macho kwa sekunde kumi. Ukiyumba, umepata sababu nyingine ya kumweleza daktari, na asubuhi usitoke gizani. Usipoyumba, hata hivyo chuma kinajua zaidi kuliko jikoni, kwa hiyo nenda.

Mimi sasa ni miezi kumi na tisa tangu sindano ya kwanza. Ninakimbia dakika ishirini na tano bila kusimama, mara tatu kwa wiki, kwenye nyasi pekee na mchana pekee. Umeme wa shingoni ulikoma katika mwezi wa nane. Mwezi uliopita daktari aliweka tena kile chuma: mguu wa kulia ninakihisi mpaka kwenye kidole gumba, na wa kushoto kinaishia kwenye kifundo. Amesema huenda kidole cha kushoto kikarudi na huenda kisirudi. Barabara ya Mweka ninaipanda kwa kutembea siku za Jumamosi, binti yangu akiwa upande wangu wa kushoto.